Kaka Zangu Nyuma ya Minyaa

Nyuma ya kambi yetu ya mgodi, upande wa Geita, kulikuwa na makaburi ya wasio na kwao, yamezungushiwa minyaa. Mchimbaji akifa bila ndugu, nyapara alimpakia kwenye toroli, akamfukia kabla king'ora cha zamu hakijalia. Hakuna kilio, hakuna jina. Mimi, binti wa Kisukuma kutoka Tinde niliyemfuata mume mgodini, niliuza uji pale, na jambo hilo lilinichoma. Hata mbwa wa baba yangu aliagwa kwa maneno mawili matatu.

Siku moja akafa mteja wangu, mzee mpole aliyepuliza uji mpaka ukapoa kabisa ndipo akaunywa. Kwao hakuna aliyepajua. Nilipoona toroli linakuja, ulimi ukanitangulia: "Mwacheni! Huyo ni kaka yangu."

Nyapara akanitazama sana. Ndugu akipatikana, maiti ni yake, na mazishi hufuata mila. Na kwetu hakuna mazishi bila watani. Mtani wa Msukuma ni Mngoni, na mgodini Wangoni hawakukosekana. Alikuja mmoja mrefu, akachimba kaburi vizuri, kisha akalala humo chali.

"Kaka gani?" akapaza sauti. "Huyu hata salamu yenu ya Kisukuma, mwangaluka, hakujua kuitikia! Mwongo mkubwa wewe. Sitoki humu mpaka nipewe kuku."

Ulikuwa utani, lakini nyapara alikuwa palepale, masikio wazi. Nikishindwa, mzee wangu anarudi kwenye toroli.

"Mngoni mlafi!" nikafoka. "Kaka yangu aliona kinyaa kumwitikia mtu anayenuka mdomo!"

Watu wakaangua kicheko. Nikakimbia nyumbani, nikarudi na tetea wangu wa pekee, nikamtupia humo humo shimoni. Nani angetoa kuku anayetaga kwa ajili ya mtu baki? Nyapara akavua kofia.

Mngoni akapanda juu, akamkabidhi mwenzake kuku, akashuka tena kumpokea maiti taratibu. Tukamlilia kwelikweli.

Nilidhani yameisha. Juma lililofuata nikabishiwa hodi: "Dada, kaka yako mwingine amefariki." Mume wangu akacheka, akasema sasa mayai tutayasikia kwa majirani. Nikaenda kutafuta kuku.

Leo pale ni shamba la mahindi, na minyaa imebaki miwili. Wanaolima hawajui kitu. Mimi nina kaka saba mle, na mpaka leo sijui kabila la hata mmoja.