Gundi ya Mkorosho

Juzi nilimpeleka mwanangu Zuhura kliniki ya meno mjini Mtwara, magego yake yakazibwa kwa dawa kabla hayajatoboka. Jioni akakataa kupiga mswaki, akiogopa dawa itabanduka.

Nikakumbuka utoto wangu kule Nanyamba, mchana ule mama alipokuwa akichoma korosho uani na moshi wake ukituwasha macho. Gego langu lilikuwa na tundu. Watu wazima walisema ndani mna mdudu, nami nikaamini kwamba hutoka asubuhi kwenda kutembea na kurudi jioni. Nikabandua gundi kwenye mkorosho, nikailainisha mdomoni, nikaziba tundu. Nikashinda kimya, sili wala sicheki.

"Mbona huli?" mama aliuliza.

"Nimemfungia mdudu nje."

Alicheka hadi kitenge kikamlegea. Jino lenyewe liling'olewa baadaye, na hadi leo natafuna upande mmoja.

"Mswaki hauibandui," nilimwambia Zuhura. "Muuguzi amesema upige kama kawaida."

Akapiga, shingo upande. Asubuhi akachungulia kwenye kioo, dawa ipo. Kisha akachota korosho kiganjani, akatafuna kushoto, akatafuna kulia, nami nikakaa namsikiliza.