Video ya Gesti Ilivyonianika Ukweni

Wivu utaniua, jamani. Mume wangu Mwakio aliniambia anaenda Ndara kuangalia ng'ombe, kisha nikipiga simu hashiki. Nilikuwa ukweni Rukanga nikichambua mbaazi, mara linki ikaingia grupu ya akina mama wa kanisa: "Mume wa mtu anaswa gesti Voi. Tazama video."

Ni yeye tu! Nikabonyeza. Ikaomba ruhusa ya kutumia namba zote kwenye simu yangu, nikaikubalia bila kusoma. Video haikufunguka.

Mwakio akapiga, ng'ombe wakilia nyuma yake. "Umenitumia nini? 'Tazama video yangu nikiwa gesti'? Hata pasta ametumiwa!"

Sijamjibu, baba mkwe akaniita kutoka barazani, miwani puani. "Mama Mghoi, hii video yako mbona kwangu haifunguki?"