Supachaja ya Kakangu Athmani

Siku ile naikumbuka kwa mluzi wake, mwanangu Faraji. Mluzi mwembamba ulitoka ndani ya boneti ukapanda hadi juu ya mapaa ya mtaa wetu wa Shika Adabu, na wanawake waliokuwa wakianua nguo wakasimama kusikiliza. Nyanya yako alitoka jikoni na upawa mkononi, akauliza, "Ni nini hicho kinacholia, Athmani?" Baba yako akacheka kicheko ambacho wewe hukuwahi kukisikia kwake. "Ni injini, mama. Imepata pumzi."

Nakueleza leo kwa sababu jana nimeliona lile boksi ulilolishusha bandani kwangu, na nikakuona ulivyolifungua. Macho yale nayajua. Kaa kitako unisikilize. Nikimaliza, fanya upendavyo. Wewe ni mtu mzima, nami ni mwanamke niliyechoka. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi machozi yangu yalikwisha zamani.

Baba yako wakati huo alikuwa fundi kijana katika karakana moja huko Changamwe, na watu walikuwa wakisema mikono yake ina baraka. Gari lilikuwa la marehemu babu yako, dogo, jeupe, kuukuu, lililotupeleka harusini na hospitali na kuturudisha salama. Lilikuwa halina haraka, na hakuna aliyelilaumu isipokuwa Athmani. Basi siku moja karakanani kwao likaletwa gari lililobondeka vibaya ili liuzwe vipande vipande, na ndani yake mlikuwa na supachaja nzima. Akaja nayo nyumbani ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Akanieleza, maana alipenda kunieleza mambo. "Zainabu, injini huvuta hewa yenyewe, kama mtu anavyopumua. Hiki chuma kinazungushwa na mkanda wa injini, kinaipulizia hewa kwa nguvu. Hewa ikizidi, petroli inazidi, na mbio zinazidi." Alisema neno la mwisho kwa tabasamu. Nami nikatabasamu, kwa kuwa nilimpenda kakangu, na furaha yake ilikuwa furaha ya nyumba nzima tangu baba alipotutoka.

Alifanya kazi mle bandani kila aliporudi kutoka Changamwe. Mkanda ukawa mfupi, akatafuta mwingine. Mwingine ukakatika, kwa kuwa magurudumu yanayouzungusha hayakuwa yamekaa sambamba, akakata vyuma upya, akachonga kwa tupa hadi viganja vikachubuka. Mvumilivu alikuwa, usidhani alikuwa mtu wa kulipua kazi. Ndicho kinachoniuma. Kila kitu cha kulifanya gari liende alikifanya kwa uangalifu mkubwa.

Jirani yetu alikuwa Mzee Kombo. Umri wake wote aliumaliza akiendesha malori ya mizigo kwenda bara, na Rukia, binti yake, alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tukisoma Kurani pamoja chuoni kwa maalimu. Alasiri moja, mzee akitoka msikitini, alipitia bandani.

"Shikamoo, Mzee Kombo."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo mashine yenyewe?"

Athmani akaifungua boneti kwa fahari. Mzee akatazama kidogo tu, kisha akaenda akachutama kando ya gurudumu la mbele, akachungulia ndani.

"Breki ni zile zile za marehemu baba yako?"

"Ndizo, mzee. Nitazibadilisha inshallah, likishatembea."

"Likishatembea," mzee akarudia polepole. Akajishika kiuno akasimama. "Athmani, mimi nimeshuka milima na shehena mgongoni. Gari hutengenezwa kwanza lisimame. Kwenda litakwenda tu, hata ukilisukuma."

Athmani akaitikia, "Ewallah, mzee," kwa adabu zote. Mzee alipoondoka akanikonyeza. "Wazee bwana! Kwao hata upepo ni hatari." Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu, na si kwamba ni kiziwi. Husikia, likaitikia kwa heshima, kisha likaendelea na yake.

Basi siku ile ya mluzi ikafika. Ilikuwa baada ya alasiri, jua bado kali. "Panda, Zainabu, uone." Nikapanda. Wallahi sikuwahi kuona gari likienda vile. Mgongo wangu ulibanwa kwenye kiti kana kwamba mtu kanisukuma kifuani. Tulikwenda na barabara kuu ya kusini, tukageuka, tukarudi, tukageuka tena. Kila mara alikimbiza kisha akafunga breki, akakimbiza kisha akafunga, na kila mara tulicheka wote wawili. Nilisikia harufu ya kuungua. Nikamwambia. Akasema, "Ni rangi mpya ya vyuma inapata moto."

Tukarudi mtaani. Pale penye mteremko, karibu na duka la unga, Rukia alikuwa akivuka. Alikuwa na pakiti ya unga kwapani na nazi mkononi. Aliliona gari letu, akanitambua, akaanza kuinua mkono anisalimu. Hakukimbia. Kwani amkimbie nani, na gari ni la kwetu?

Baba yako alikanyaga breki. Nilikuwa kando yake na nilimwona kwa macho yangu mawili. Mguu ulishuka hadi chini, akakanyaga tena na tena, akapiga kelele, na gari halikusimama.

Sitakueleza yaliyofuata pale barabarani. Hayo nitakwenda nayo kaburini.

Polisi walimchukua, kisha wakamwachilia kwa dhamana akingoja kesi. Siku za matanga zilikuwa hazijaisha. Akaniambia nimsindikize kwa Mzee Kombo. Tuliingia, watu wakatupisha. Athmani akapiga magoti mlangoni. Mzee alinyanyuka, akamshika mkono, akamkalisha mkekani ubavuni mwake.

"Ajali hii imeandikwa, mwanangu. Nimekusamehe mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa."

Akamtilia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Baba yako akakiweka kikombe mkekani bila kukionja. Breki mzee hakuzitaja. Hakuzitaja siku ile wala siku nyingine. Tulipotoka, Athmani aliegemea ukuta, akaniambia, "Zainabu, angenipiga ningepona."

Hakupona. Mahakama ilimfunga, akatumikia kifungo chake, akatoka, akaoa, ukazaliwa wewe. Mzee Kombo alikuwa ameshahamia kwa nduguye Kisauni, maana kila gari lililopita usiku lilimtoa usingizini. Baba yako hakugusa usukani tena. Wewe ulimjua mtu anayetengeneza vyerehani, asiyesema, anayekwenda kwa miguu hata mvua ikinyesha. Ulikuwa ukimwonea haya mbele ya wenzako, nami nilijua, nikanyamaza kwa kuwa aliniapisha. Sasa amekufa, na kiapo nimekivunja. Mungu anisamehe.

Jana nilipokuuliza habari za hicho chuma ulinijibu, "Shangazi, hii si kama ya zamani. Hii ina kompyuta." Sawa. Kompyuta itajua Rukia anavuka?

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami naitoa bila tumaini kubwa, kwa maana nimeona maneno mazuri zaidi yakipotea bure. Kabla hujaongeza nguvu ya kitu chochote, kiwe gari, kiwe cheo, kiwe ulimi wako, hakikisha kwanza unaweza kukizuia. Usiseme utakizuia baadaye. Baadaye ni ya Mungu. Anza na breki na matairi, yakaguliwe na fundi asiyekuogopa, na ukishindwa na hayo, hicho chuma kirudi boksini. Mzee akikuonya, usimpe "ewallah" ya kumfukuza. Mwulize aliona nini. Na usitegemee msamaha wa watu. Msamaha baba yako aliupata wote, tena siku za mwanzo, na haukumrudishia usingizi hata usiku mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nenda sasa, mke wako anakungoja. Mola akupe moyo unaosikia kabla haujaumia. Akulinde wewe, na awalinde wote wanaovuka barabara wasiojua kwamba unakuja. Amin.