Asubuhi ya Idd Kengele Ilipochelewa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufundisha mkono wangu kupapasa pamba kabla hajaufundisha kushika kalamu, akaniacha hai mpaka leo nina macho ya kusomea na meno machache ya kutafunia. Nina mengi ya kumshukuru. Hapa namshukuru kwa asubuhi moja tu.

Nilizaliwa Musoma, mtoto wa fundi cherehani aliyetoka Tabora akifuata kazi. Nilisoma madrasa karibu na ziwa, kisha shule ya serikali, kisha nikapata kazi Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yangu ilikuwa kupanga madaraja. Mkulima akifikisha mzigo, nilizamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, nikavuta konzi moja, nikaitazama juani, nikatamka: safi, yaani daraja la kwanza, au fifi, la pili. Neno moja tu, na mtu aliyelima msimu mzima alirudi kwao Guta au Mugeta akiimba au akinuna. Nilijitahidi kuogopa Mungu katika neno lile.

Ilikuwa miaka ya taabu. Sukari tulipanga foleni, sabuni tulipanga foleni, na chai ya kiwandani tuliinywa kwa chumvi tukacheka. Kisha likaja soko huria. Sukari ikajaa madukani, mitumba ikajaa mnadani, na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao wenyewe, wasiulize safi wala fifi. Kiwanda kikapunguza watu. Mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza.

Basi miaka hiyohiyo vyuo vikuu vya binafsi viliporuhusiwa, Kanisa Katoliki likafungua tawi la chuo kikuu juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini, katika majengo ya zamani waliyofundishiwa makatekista. Walipokea hata watu wazima, mradi wafaulu mtihani wa kuingilia. Nilikuwa na wajukuu wawili tayari. Mke wangu, tukiwa tumekaa kibarazani kwetu Manyamanyama, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, nenda. Hata ukishindwa, utakuwa umeshindwa ukiwa darasani."

Nikaenda. Muislamu peke yangu katika mwaka wa kwanza, na mwenye mvi peke yangu.

Nilipewa chumba na kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa wafugaji wa Mugeta, ambaye kila alfajiri aliamka saa kumi na moja kwa mazoea ya kukamua, ingawa chuoni hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alikaa kitandani akiangalia mikono yake. Siku ya kwanza aliniamkia, "Shikamoo Mzee," akanibebea godoro, akauliza kama nakoroma.

"Nakoroma," nikamwambia.

"Afadhali. Nyumbani nililalaga na ndama."

Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha risiti na barua za kiwanda. Maktaba ilikuwa chumba kimoja chenye makabati manne. Kitabu cha mantiki kilikuwa kimoja kwa darasa zima, kwa hiyo tuliandika zamu mlangoni. Yangu ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wakati wenzangu wanasinzia. Nilikinakili karibu chote kwenye madaftari, kwa mwandiko wa stakabadhi.

Mwalimu wa mantiki alikuwa padre mzee, mwembamba, aliyefundisha Musoma miaka mingi kabla ya kuletwa kilimani. Hakuwahi kupaza sauti. Alipenda kutuwekea hoja mbili na kutuachia ya tatu. Siku moja, akijua nilikotoka, akasema, "Pamba yote iliyolowa ni fifi. Gunia hili limelowa. Basi?"

Akanitazama mimi.

"Basi Padre," nikasema, "kwanza nauliza nani kalimwagia maji." Maana wakulima wetu wengine walilowesha pamba usiku ili ivute mizani.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Padre akasubiri kinyamaze, akasema kwa upole, "Huyu ameulizia ukweli wa hoja ya pili. Ninyi mliocheka, andikeni hilo." Tangu siku hiyo wanafunzi wakaniita Mzee Safi, na nikaitika.

Nisimulie na kengele, maana habari yangu yote imening'inia hapo. Ilikuwa rimu ya lori iliyofungwa kwenye mkaratusi mbele ya ukumbi, na iligongwa kwa kipande cha nondo. Siku za kawaida aligonga yeyote. Siku ya mtihani wa mantiki aligonga Padre mwenyewe, saa tatu kamili. Kengele ikilia, mlango unafungwa. Aliyebaki nje anarudia mwaka. Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alizuiwa na kijito kilichofurika, akafika amelowa hadi kifuani, akakuta mlango umefungwa. Alirudia mwaka. Tulikuwa naye darasani, na aliisimulia mwenyewe bila kinyongo, ila alikuwa akifika darasani nusu saa kabla ya kila kipindi.

Ramadhani ikaingia muhula ukielekea mwisho. Sista wa jikoni, mwanamke mnene mwenye vicheko, alinifunikia sahani yangu kila siku mpaka magharibi. "Mzee, furu wako hawa," alikuwa akisema, akifunua samaki wale wadogo wa ziwani. "Nimewaficha. Wanafalsafa wangewala na miiba." Nilipewa hata stoo ndogo nyuma ya maktaba niswalie, wakaifagia wao wenyewe.

Ndipo ratiba ya mitihani ikabandikwa. Mantiki: Jumatatu, saa tatu asubuhi. Nikahesabu kwa vidole. Mwezi ukionekana Jumamosi jioni, Idd ni Jumapili, na hakuna neno. Usipoonekana, tunakamilisha thelathini, Idd ni Jumatatu. Na swala ya Idd msikitini kwetu Bunda ilikuwa saa mbili na nusu.

Tangu nina miaka saba, baba yangu aliponishika mkono nikiwa na kanzu aliyonishonea usiku kucha, sikuwahi kukosa swala ya Idd. Najua ni sunna. Lakini kuna sunna ambazo mtu ameshonwa nazo.

Sikumwambia Padre. Nilijiambia: watu hawa wamekupa kitanda, wamekufichia samaki, wamekufagilia pa kuswalia, sasa uwaombe na mtihani wao wausogeze? Nikanyamaza nikaita kunyamaza kwangu subira.

Ijumaa alfajiri, nikiwa nimeshamaliza daku na kuswali na kujilaza kidogo, mwenzangu wa chumbani aliingia mbio.

"Mzee! Mzee amka! Mwezi umeandama!"

"Wapi?"

"Njoo uone mwenyewe! Mwembamba kama ukucha!"

Nikatoka. Kweli ulikuwapo, mwembamba, mzuri, juu ya vilima vya upande wa Serengeti, mashariki. Kabla sijafungua mdomo, Sista huyo anakuja kwa haraka kutoka jikoni na sinia: chai ya maziwa inayofuka, maandazi, na yai. Nyuma yake wanafunzi wanne wenye mataulo shingoni.

"Idd mubaraka, Mzee!" Sista akapaza sauti. "Nimeambiwa mwezi umeonekana, nikasema huyu mtu asinywe chai ya baridi leo!"

Nikasimama mbele ya sinia lile nimefunga, harufu ya iliki inaniingia puani, sijui nicheke au nilie.

"Sista, Mungu akulipe," nikasema. "Lakini huu mwezi unakufa. Wa zamani huonekana mashariki alfajiri. Ule mpya tunautafuta magharibi, jua likizama."

Sista akamgeukia mwenzangu. "Wewe! Si umeniambia umeandama?"

"Mimi ningejuaje?" akajitetea. "Kwetu tunahesabuga mimba za ng'ombe, mwezi ni mwezi. Kwani unafaga?"

"Unakufa na kuzaliwa," nikasema.

"Na mbona mambo haya hamsemagi?"

Nadhani ni swali hilo lililonifungua. Nikawaeleza yote, na Jumatatu pia. Sista akafunika maandazi kwa kitambaa polepole, akasema, "Mzee, umekaa na hili wiki mbili?" Kisha akarudi jikoni bila kicheko.

Kufikia mchana darasa zima lilijua. Wajumbe watatu, mwenzangu akiwa kiongozi, wakaenda kwa Padre bila kuniuliza. Walirudi wameinamisha vichwa.

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Sijawahi kuahirisha mtihani, na sitaahirisha huu. Nendeni mkasome.'" Mwenzangu akakaa kitandani. "Mzee, nimekuharibia?"

"Hujaharibu kitu."

Jumamosi jioni walipanda nami kwenye mawe ya juu ya kilima, wanafunzi kama ishirini, rozari shingoni, kuutafuta mwezi wa Waislamu. Nakumbuka viatu vyao vya mitumba vikiteleza kwenye miamba. Upande wa Butiama mvua ilikuwa inanyesha. Upande wa Guta, juu ya ziwa, wingu lilikuwa limelala kama pamba iliyomwagwa.

"Ule pale!" mmoja akaruka.

"Ile ni taa ya wavuvi. Kaa chini."

"Mzee, ukiuona peke yako inatosha? Basi wewe sema tu umeuona, sisi tutaapa."

"Mtaapa uongo kwa ajili ya swala?"

"Tutaungama kesho," akasema, na wote wakacheka hata mimi.

Mwezi haukuonekana. Tukashuka kwenye redio ya mwenzangu, ambayo betri zake alikuwa amezianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya mwisho. Zikatoa sauti kwa shida, kwa muda wa kutosha kutuambia kwamba hakuna aliyeuona mahali popote, na Idd ni Jumatatu. Kisha zikafa.

"Nitafanya mtihani," nikawaambia. "Mungu anajua nilipo."

Jumapili wao walikwenda misani, mimi nikafunga siku ya thelathini nikisoma daftari. Nilimtumia mke wangu salamu kwa muuza maziwa kwamba wasinisubiri.

Jumatatu nilioga, nikavaa kanzu na kofia, maana Idd ni Idd hata darasani, nikachomeka kalamu kifuani, na kufika saa mbili nilikuwa ukumbini, dawati la mbele, peke yangu. Nilipiga takbira kwa sauti ya chini.

Padre akaingia na bahasha ya karatasi za mtihani. Akaniona. Akasimama.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri mtihani, Padre."

"Kengele imelia?"

"Hapana, Padre."

"Mtihani huanza lini?"

"Kengele ikilia."

"Basi mtihani haujaanza. Na mtu mwenye akili zake hakai kwenye mtihani ambao haujaanza siku ya Idd. Gari liko nje."

Nilitaka kusema kitu. Akainua kidole, kama anavyofanya darasani mtu akiruka hatua. "Mambo mawili," akasema. "Sijaahirisha. Na siku nyingine, ukiwa na shida, usiipeleke kwa mwezi. Niletee mimi."

Gari lilikuwa pikapu ya jikoni, na kwenye usukani alikuwa Sista, ameshawasha. Alishuka kilima kile kama anafukuzwa. Bunda walishangaa: pikapu ya watawa imesimama mbele ya msikiti, anashuka mzee wa Manyamanyama ameshika kofia isipeperuke. Nikaingia safu ya mwisho wakati imamu anageukia kibla. Mwenyezi Mungu, hiyo swala naikumbuka rakaa kwa rakaa.

Nilipotoka baada ya hotuba, mke wangu na wanawake wa mtaa walikuwa wamemzunguka Sista dirishani, wamempakatisha sinia la pilau, wanabishana naye kama iliki imetosha. Mke wangu aliniona, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema tu, "Haya, nenda. Wenzio wanakungoja."

Kweli walikuwa wanangoja. Saa nne ilikuwa imefika. Darasa zima lilikuwa chini ya mikaratusi, wamekaa kwenye nyasi na madaftari, na wakaanza kupiga makofi pikapu ilipotokeza. Padre alikuwa amesimama kando ya rimu, akijipapasa mifuko.

"Nondo haionekani," akasema, akinitazama mimi. "Tumeitafuta kwa saa nzima."

"Pole, Padre," nikasema.

Akaingiza mkono kwenye mkono mpana wa kanzu yake nyeupe, akaitoa. "Ahaa," akasema, bila kutabasamu. Akaigonga rimu mara tatu, tukaingia, mlango ukafungwa. Yule wa kijito kilichofurika alikuwa nyuma yangu; alinigusa begani wakati tunakaa.

Swali la mwisho lilitutaka kila mmoja atunge mfano wake mwenyewe wa hoja iliyo sahihi. Nilikuwa nimeandaa mfano wa pamba. Nikauacha. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha risiti: Hakuna mtihani unaoanza kabla ya kengele. Kengele haijalia. Basi mtihani haujaanza.

Karatasi ziliporudi, pembeni ya jibu hilo Padre alikuwa ameandika neno moja la Kiswahili kwa wino mwekundu: Safi.

Maishani nimelitamka neno lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikiwa nimeinama juu ya magunia ya watu. Sikuwahi kuambiwa mimi. Nilimaliza chuo, nikafundisha, nikastaafu, na karatasi hiyo ninayo bado, imekunjwa ndani ya msahafu wa baba yangu.

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe majirani watakaopanda mawe kutafuta mwezi usio wao kwa ajili yako. Akupe ulimi wa kusema shida yako mapema. Na siku utakayochelewa kwa jambo jema, akucheleweshee na kengele. Amin.