Dakika Arobaini za Baba Mdogo

Nilipotaka kuoa Bukoba, baba mdogo, msemaji wetu, alikataa kupanda basi. Alisema hawezi kuingia kwa wakwe na vumbi kwenye kola. Tukaondoka Mwanza kwa ndege, yeye na mimi. Shangazi tulimwacha nyumbani Kisesa kwa sababu hapandi kitu ambacho hawezi kuomba kushuka njiani. Nadhani ndivyo alivyosema, nisije nikamsingizia.

Barabara inazunguka ziwa siku nzima. Ndege inakata juu ya maji, na nilipoanza kuogopa vizuri tulikuwa tumeshatua.

Wakwe walikuwa wametuandalia viti, buni za kahawa za kutafuna na maji ya kunawa. Baba mkubwa wa mchumba wangu akasema, "Poleni na safari."

"Safari gani, mzee wangu?" baba mdogo akacheka. "Dakika arobaini. Hata soda sikuimaliza."

Mama mmoja akaliondoa beseni la maji. Labda alikuwa na haja nalo kwingine.

"Kumbe tu majirani," mzee akasema.

"Kabisa. Ni kama Kirumba na Igoma kule kwetu Mwanza."

Kwa haki, Kirumba na Igoma jioni, kwa foleni, ni zaidi ya hapo.

"Na shangazi wa kijana? Hapa hatuanzi maongezi bila yeye."

"Yuko nyumbani, mzee. Si unajua tena, umbali."

"Wa dakika arobaini," mzee akasema taratibu. "Nendeni mkamchukue. Ndizi zenyewe bado ziko jikoni."

Baba mdogo akaanza kueleza: lazima ufike uwanjani mapema, upimwe mizigo, ungoje, na ndege ya leo ilishageuza. Kila alipoeleza, safari ilirefuka.

"Basi ni mbali," mzee akasema. "Ungesema mapema tukupe pole."

Mchumba wangu akanitumia ujumbe kutoka chumba cha ndani: keshokutwa wanakuja waposaji wengine, kutoka Muleba, na wana shangazi wawili. Nikatoka nje kupiga simu.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Wamekukataa?"

"Wanakutaka wewe."

"Mngeniuliza tangu mwanzo," akasema, na alfajiri akapanda basi.

Alifika jioni hiyo hiyo, miguu imevimba. Kila aliyempa pole alipewa kipande cha safari: huyu Geita, yule Chato, mwingine pancha. Sijui kama pancha ilikuwepo kweli, mimi sikuwemo. Alipomaliza, mzee akamgeukia.

"Mama, hakuna anayepata taabu yote hii kwa utani," akasema. "Kijana wenu tumempokea. Wale wa Muleba nitawapigia mwenyewe."

Baba mdogo mpaka leo anasema yeye ndiye aliyewalainisha jana yake. Inawezekana. Nimelifikiria mara nyingi na sijapata namna ya kumpinga.