Nilivyomlowesha Mwenyekiti kwa Shimo Jeusi

Jamani, nawasimulia kwa sababu Igowole nzima wanajua tayari, na aibu yenyewe niliimaliza yote siku ileile mbele ya wazazi na wanafunzi wangu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mtoto wa Mwanjelwa kule Mbeya, nikapangiwa sekondari moja huku Igowole, Mufindi, na mwaka ule wanafunzi wanne tu ndio walikuwa wamejiandikisha kuendelea na fizikia kidato cha tatu, mkuu wa shule akaniambia wazi kwamba wasipofika kumi na tano somo linafungwa na mimi nahamia jiografia (somo zuri, sikatai, ila nilikosa hamu ya kula siku mbili). Akanipa nusu saa kwenye mkutano wa wazazi nijaribu kuwashawishi. Nikachagua mashimo meusi, hasa zile jeti zake, mikondo miwili ya gesi inayochomoka, mmoja juu, mwingine chini, kwa kasi inayokaribia ya mwanga, ikaenda mpaka nje kabisa ya kundi lake la nyota. Nani asingependa kitu kama hicho?

Mchoro ubaoni ungetosha. Lakini nikajiambia hapana, wazazi waone kwa macho, nikaenda kwa jirani yangu Baba Neema, mkulima wa nyanya, nikaazima bomba lake la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni, nikaliosha kwa sabuni mara tano, nikajaza maji yenye rangi nyekundu ya keki, kisha nikafungua kile kichwa cha mbele ili maji yatoke kama mshale. Basi, kosa lilianzia hapo.

Mgeni rasmi alikuwa mwenyekiti wa bodi, mzee mstaafu, mpole, suti yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, amekaa mstari wa mbele. Nikaanza kwa mbwembwe: "Shimo jeusi linameza kila kitu, hata mwanga hautoki! Likishiba, linatema!" Nikaona baba mmoja anapiga miayo, nikaumia, nikapampu tena na tena kuliko nilivyojaribu nyumbani, halafu nikafungua. Mkondo ukaruka juu vizuri kabisa, wanafunzi wakapiga makofi, mara mpira wa bomba ukapasuka kwenye kiungio, mkondo wa pili ukaniingia kwenye sketi, nikashtuka, nikageuka na mdomo wa bomba mkononi, na ule wa kwanza ukampata mwenyekiti kuanzia kwenye tai mpaka magotini.

Hapo ningeomba radhi yakaisha. Ila mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Yesu wangu! Si bomba la Baba Neema hilo? Hiyo ni dawa ya nyanya!"

Mabenchi yakaanguka. Mzee wa watu akavuliwa koti, akamwagiwa ndoo mbili za maji (na ilikuwa Juni, mnaijua baridi ya Mufindi), mwingine anakimbia kutafuta maziwa ya kumnywesha. Mimi nalia, "Ni rangi ya keki!" wala hakuna anayesikia. Nikaona njia ni moja tu, nikaweka ncha ya bomba mdomoni nikanywa mbele yao. Wote wakageuka kunitazama. Nikatabasamu kuwatuliza, kumbe meno yote mekundu, watu wakapiga kelele upya.

Walipotulia, mwenyekiti alikuwa amejifunga kitenge cha matroni, anatetemeka, na akina mama wawili wanakamua koti lake pale mbele. Nikaanza kukusanya vitu vyangu niondoke. Mmoja wa wale akina mama, Mama Zawadi, akanisimamisha.

"Mwalimu, kabla hujaenda. Umesema kikiingia hakitoki. Sasa kinachotemwa kimetokaje?"

Miaka mitatu nawaambia watoto "linameza, linatema", hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema, "Mama, nimekosea. Halitemi. Kikishaingia, kimeingia."

"Sasa jeti inatoka wapi?"

Nikamwomba asiache kukamua. Nikawaambia gesi haiangukii shimoni moja kwa moja, inalizunguka kwanza kwa kasi, inasuguana mpaka inawaka, na ndani yake kuna nguvu ya sumaku, mistari yake inasokotwa na ule mzunguko kama mnavyosokota koti hilo, na ikisokotwa sana inairusha gesi juu na chini kabla haijaingia, tena inaibana isitawanyike. "Kinachorushwa ni kile kilichobaki nje. Kilichomezwa hakirudi. Na jinsi inavyoanza hasa, hata wataalamu bado wanabishana."

"Bado wanabishana?" Hiyo sauti ilikuwa ya Zawadi, binti yake, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea darasani. "Kwa hiyo kuna kazi bado haijafanywa?"

"Ipo, tena nyingi."

Mwenyekiti akakohoa ndani ya kitenge. "Mkuu, somo liendelee kuandikisha. Ila hilo bomba lirudi shambani leo hii."

Mpaka Ijumaa walikuwa kumi na tisa, Zawadi wa kwanza kati ya wale wapya. Suti haikutakata, nilimwomba radhi mzee nyumbani kwake, akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi nimeapa: bomba la dawa sishiki tena maishani, na nisichokijua nakiri mapema, nikiwa bado mkavu.