Kangaga za Dada na Mpunga wa Jirani

Jumamosi, tarehe 24 Mei. Asubuhi ukungu, mchana jua kali, saa tisa mvua ambayo hapa Mlabani hakuna aliyeitegemea.

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipendelee. Dada yangu mkubwa amefundisha chuo kikuu mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na kazi yake yote ni kangaga, yale majani ya kivulini yasiyotoa maua. Mimi niliishia darasa la saba, sijawahi kuelewa vizuri anatafuta nini humo. Akija kukusanya hulala kwangu, na majirani hunitania: "Dada yako kasoma weee, anarudi kukata majani ya mbuzi!" Huwa nacheka nao. Nimecheka hivyo miaka mingi.

Safari hii ni ya mwisho, maana anastaafu. Juzi alirudi kutoka msitu wa Uchindile, kule milimani, goti limevimba, alianguka korongoni, lakini uso wake ulikuwa kama wa bibi harusi. Alikuwa amepata kangaga moja ndogo aliyoitafuta tangu usichana wake. Aligeuza jani nione vumbi la kahawia kwa chini. "Hizi ndizo kama mbegu zake," akasema. "Bila hizi wenzangu hawatakubali kuwa ni yenyewe."

Leo alizitandaza kangaga zake uani zikauke, kila moja katikati ya magazeti, juu yake mawe. Magazeti yalikuwa yamevuta unyevu, akaenda madukani kuomba makavu. Akaniambia, "Mdogo wangu, ukiona wingu, ingiza kwanza hii ndogo yenye uzi mwekundu. Nyingine hata zikiloa, basi."

"Nenda dada, mimi nipo."

Wingu lilishuka kutoka milimani ghafla. Hapohapo jirani yangu, mama mwenye duka, akapiga kelele: "Mpunga! Jamani, mpunga!" Huku kwetu ukisikia hivyo huulizi ni wa nani, unakimbia. Nikakimbia. Ningependa kuandika kwamba nilizisahau kangaga. Lakini nadhani nilizikumbuka nilipofika kwenye turubai alikoanika mpunga wake, nikaona watu wameshajaa, hawa wanazoa, hawa wameshika magunia. Ningeweza kurudi. Nilibaki nikizoa.

Mpunga ulipokwisha kuingia ndani nikasema, "Mungu wangu, majani ya dada!"

Jirani akajifuta uso kwa kanga. "Majani? Si yataota mengine, na mvua yenyewe hii!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, amelowa chapachapa, magazeti makavu kayakumbatia ndani ya kanga. Sijui kama alinisikia. Sijathubutu kumuuliza.

Uani magazeti yalikuwa uji. Ile ya uzi mwekundu ilikuwa imechanika katikati. Dada alivaa miwani, akaigeuza, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia muda mrefu. Chini ya jani palikuwa kijani kitupu.

"Mpunga wa watu umepona?" akauliza.

"Umepona, dada."

"Haya. Kilikuwa chakula cha watu."

"Nitakusindikiza Uchindile, tukaitafute tena."

"Kwa goti gani, mdogo wangu?"

Alisema bila hasira. Angenigombeza ningepata nafuu. Jirani simlaumu: hakuambiwa habari ya uzi mwekundu, na kama aliyachukulia majani yale kuwa mzaha, ni mimi niliyemzoesha kwa kucheka naye. Wala siwezi kujificha nyuma ya desturi ya kusaidiana, ingawa ni desturi njema. Mikono ilikuwa inatosha pale. Moyoni niliona kuzoa mpunga ni kazi, na kuokoa jani ni mchezo. Ndivyo nilivyoipima kazi ya maisha yake.

Jioni jirani alituletea bakuli la wali na perege wa kukaanga, kutushukuru. Mimi nilikuwa nimepika matembele. Dada, ambaye tangu utotoni hupenda ukoko, aliuliza kama upo. Sikuwa nao. Wali haukupikwa kwetu.